Maili Sitini na Nane

Upendo alitaka niweke sifuri.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji yangu hapa Bigwa, na kiroba cha mchele wa Dakawa miguuni pake, maana mwanamke yule hajawahi kuja kwangu mikono mitupu. Mbele yetu ilikuwa Landrova ya baba yake. Asubuhi ile Nasibu, mwenzangu wa gereji, alikuwa amemaliza kupiga rangi, kijani ile ya zamani ya misheni, na tulikuwa tumeacha mlango wa dereva wazi ili harufu itoke.

"Limependeza, fundi," alisema, akapitisha kiganja hewani juu ya boneti bila kuigusa. "Sasa kwenye mita weka sifuri. Zote tano. Baba akifungua mlango aone gari jipya."

"Sifuri siweki, dada."

"Haiwezekani?"

"Inawezekana. Mimi ndiye siweki."

Nasibu alicheka huku akisafisha bunduki yake ya rangi. "Dada Upendo, huyu Severini ukimwomba figo atakuuliza ya kulia au ya kushoto. Lakini mita ya gari humwambii kitu."

Upendo hakucheka. "Gari haliuzwi," alisema. "Baba anajua limetembea, mimi najua, wewe unajua. Sifuri itamwibia nani?"

"Lakini limetembea, dada," nilisema. "Limebeba watu."

"Limebeba wengine. Mimi halinijui."

Aliuacha mchele pale mlangoni akaenda kuwahi gari la Dakawa. Nilimtazama akivuka barabara. Nilijua nimemuumiza, ila sikujua nimemgusa wapi.

Landrova ile ilitumika miaka mingi katika misheni ya Lubwela, juu milimani, mbele ya Mkuyuni, maili thelathini na nne kutoka mjini. Dereva wake alikuwa Mzee Gabrieli, baba yake Upendo, na aliiendesha miaka ishirini na sita. Ilipandisha saruji ya zahanati na majeneza ya watu waliofia mjini. Iliteremsha ndizi, kabichi na wajawazito. Injini ilipokufa kabisa, misheni ilimpa mzee kama shukrani, ikavutwa hadi nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka zaidi ya ishirini kuku wakatagia kwenye viti. Mwaka jana Upendo aliamua kwamba baba yake ataipanda tena kabla hajafa. Alitaka iwe tayari tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, ili wapande nayo Lubwela kwenye kaburi la Editha, mama yake Upendo.

Mzee mwenyewe miguu ilishamkatalia milima. Anaishi hapa hapa Bigwa kwa binti yake mkubwa, Grace, na katika miezi yote ya matengenezo alikuwa akija na fimbo yake, anakaa kwenye tairi bovu, anaongea. Ndipo nilipoijua kalenda yake.

Padri mkuu wa zamani zile alikuwa mkali wa petroli. Aliagiza kila gari linapowashwa na kila linapozimwa, dereva anakili namba ya maili katika kitabu cha safari. Mzee Gabrieli aliishia darasa la pili. Tarehe zilimchanganya, lakini namba ya kwenye mita aliweza kuinakili kama ilivyo, mara sita kwa siku, miaka ishirini na sita. Basi maisha yake yakajishika humo. Ukimuuliza alioa lini, anakwambia elfu arobaini na tisa na mia tatu. Grace alizaliwa gari likisoma elfu hamsini na mbili na kumi na sita. Bonifasi, kitinda mimba, elfu sabini na nne, mia nane na themanini. Hata marehemu mkewe, mwaka aliofariki haukumbuki, lakini namba anaikumbuka, kwa kuwa alimpeleka kaburini mwenyewe, kwa gari hilo hilo.

Mita ya asili nilijitahidi kuiokoa. Nyigu walikuwa wamejenga udongo ndani yake. Nilipousafisha, namba ikaonekana vizuri: 88,947. Lakini vigurudumu vya namba vilikuwa vimepasuka na meno yake yameliwa na kutu. Siku tatu nilihangaika navyo, havikuzunguka. Nasibu akaniletea mita nyingine kutoka kwenye mabaki ya Landrova moja iliyofia Gairo. Ile ilikuwa nzima, ila ilisoma 18,306. Niliifunga kama ilivyo. Kwenye usukani nikatundika karatasi: Mita hii si ya gari hili.

Nilidhani huo ndio uaminifu wote unaotakiwa kwangu.

Sababu yangu ni hii. Miaka kumi na mbili iliyopita nilikuwa na jina mjini, jina baya, ingawa siku zile niliona ni sifa. Wenye magari ya kuuza walikuwa wananifuata niwarudishie kilomita nyuma. Nilikuwa na chumba cha nyuma kisicho na dirisha, nafunga mlango, natumia sindano na subira. Gari moja lililotembea kilomita laki mbili na arobaini nililirudisha hadi elfu tisini, na aliyelinunua alikuwa dereva teksi mmoja anayeitwa Raphael. Injini ile ina mkanda ambao hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita. Raphael alihesabu. Kwa hesabu niliyomwachia mimi, mkanda ulikuwa bado na muda. Ulikatikia njia ya Gairo, kwenye mteremko, mvua inanyesha. Injini ilizima na usukani ukawa mzito mikononi mwake. Abiria walipona. Raphael mguu wake wa kulia ni mfupi hadi leo.

Nilikwenda kumwona wodini. Hakunijua mimi ni nani. Alidhani ni mtu wa jumuiya ya jirani, akanishukuru kwa kuja, akaniomba nimsalie.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kanisani, nikapiga magoti, nikasema, "Bwana, namba za mita ya gari lolote sitazigusa tena maisha yangu yote." Nilikwenda kuungama. Baadaye nilimweleza Raphael mwenyewe. Ilichukua miaka miwili kabla hajanisalimia, na sasa gari lake analileta kwangu, lakini hiyo ni huruma yake na si haki yangu. Chumba cha nyuma nilikivunja ukuta. Ahadi ile nimeishika, na kila nikisali jioni huitaja, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo.

Siku nne kabla ya safari, Mzee Gabrieli alikuja kuliona gari lililokamilika. Alikuja amevaa kofia yake ya udereva, nadhani ina umri wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa amepona?"

"Amepona. Muone mwenyewe."

Alilizunguka polepole. Aligonga bodi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi. Nasibu akamsogelea. Nasibu kwao ni Tabora, Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu.

"Mzee, nyie Waluguru mnapanda milima kama mbuzi. Gari mlilitakia nini?"

"La kuwabebea Wanyamwezi," alisema mzee bila kugeuka. "Babu zako walipita hapa kwa miguu na mizigo kichwani, tukawaonea huruma."

Nasibu akapiga makofi kwa kushindwa. Tulimsaidia mzee kupanda. Alikaa, akashika usukani, akafumba macho kidogo. Kisha akavaa miwani, akainama mbele ya mita.

"Hizi maili za nani?"

"Za gari jingine, mzee. Ile yako ilikufa. Nimeandika hapo kwenye karatasi."

"Nimeiona karatasi." Alivua miwani. "Nishusheni."

"Mzee, bado hatujaliwasha."

"Nishusheni, wanangu. Editha alikwenda kaburini kwa gari langu. Sitamfuata kwa gari lisilomjua."

Aliposhuka nilimwekea tairi lake akae. Nasibu alijua kuondoka pale panapotakiwa. Akasema anafuata msasa dukani. Nikamweleza mzee habari zangu zote: chumba kisicho na dirisha, Raphael, ahadi. Nilimwambia kwamba namba yake halisi ninaifahamu, 88,947, lakini kuiweka ni lazima nivigeuze vigurudumu kwa mkono, na mkono wangu nimeuapia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Hata hiyo si halisi. Imepungua maili sitini na nane."

"Imepunguaje?"

"Nilizificha mimi."

Alikaa akichora chini kwa ncha ya fimbo. Nilivuta ndoo nikaketi.

"Ilikuwa baada ya vita vya Uganda," alisema. "Petroli ilikuwa ya kupimiwa kama dawa. Padri alikwenda Dar, akaniambia, Gabrieli, gari lisitoke mpaka nirudi, iliyobaki humo ni ya kuwafuata masista. Nikasema ndiyo, padri. Siku ya tatu, alfajiri, Editha akashikwa na uchungu. Mkunga akaniambia mtoto amekaa vibaya, hapa hazaliwi. Wake za watu wengine nilishawateremsha wengi, kwa ruhusa. Wangu sikuwa na ruhusa."

"Ungefanyaje, mzee? Ni lazima ungetoka."

"Sikiliza. Kutoka si tatizo. Tulimlaza Editha nyuma kwenye godoro. Analia. Mimi badala ya kuwasha gari, nikaingia chini ya dashibodi kufungua waya wa mita, ili maili zisihesabike. Nati ilikuwa ngumu. Ile nati, fundi! Editha ananiita jina langu, na mimi niko chini pale na spana. Petroli niliirudisha, niliuza baiskeli yangu nikairudisha yote. Lakini zile dakika sikuwa na pa kuzirudisha."

Kuku mmoja wa jirani alipita kati yetu akidonoa.

"Tulipofika maili ya kumi na moja, pale kwenye jiwe kubwa juu ya Mkuyuni, mkunga akapiga kelele nisimame. Mtoto akazaliwa hapo, ndani ya gari. Mama yake akawa anavuja damu, nikaenda nao mpaka hospitali, na Mungu akaniachia wote wawili. Maili thelathini na nne kwenda, thelathini na nne kurudi. Nikafunga waya. Padri aliporudi akatazama kitabu, akatazama mita, vikalingana. Jumapili akasema mbele ya watu wote: mtu mwaminifu awe kama mita ya Gabrieli. Kanisa zima likapiga makofi. Na mimi nimempakata mtoto."

"Mtoto huyo ni Upendo," nilisema.

"Ni Upendo. Grace ana namba, Bonifasi ana namba. Yeye alipokuwa mdogo alikuwa ananiuliza, baba, mimi nilizaliwa maili ngapi? Nikawa namwambia, wewe ulizaliwa njiani, nenda ukateke maji. Baadaye akaacha kuuliza. Niliungama, fundi, zamani sana. Nilisamehewa. Lakini mita haijasahihishwa, na mtoto hana namba."

Ndipo nilipokumbuka maneno ya Upendo mlangoni. Mimi halinijui. Nilikuwa nimemjibu kama mtu anayelinda sheria, kumbe aliyesimama mbele yangu alikuwa mtoto anayeomba kuhesabiwa.

"Nenda kwa padri," mzee alisema akiinuka. "Mwambie yako na yangu pia. Nimekuruhusu. Akikataa, nitabaki hapa Bigwa nimwombee Editha kutoka kwenye tairi hili."

Usingizi wangu haukuwa mzuri. Nilisali rozari nzima, nikajikuta ninahesabu maili badala ya Salamu Maria. Nilimwomba Mungu anionyeshe, kwa sababu niliogopa vitu viwili kwa pamoja. Niliogopa kuvunja neno nililompa. Na niliogopa kwamba neno lenyewe limeanza kuwa mahali pa kujificha, kwamba mikono yangu ilikuwa misafi kwa sababu tu nimeiweka mfukoni.

Baada ya misa ya asubuhi nilimfuata Padri Elia, paroko wetu. Alikuwa nyuma ya sakristia, amekunja mikono ya shati, anamwagilia sukumawiki. Nilimweleza yote. Hakuacha kumwagilia hadi nilipomaliza.

"Zamani ulipokuwa unarudisha mita, ulifanyia wapi?"

"Chumba cha nyuma, padri. Mlango umefungwa."

"Na mwenye kununua alikuwepo?"

"Hapana. Hata siku moja."

Aliweka kopo chini. "Ahadi yako uliiweka mwenyewe kwa Mungu, na kwa sababu njema paroko anaweza kukufungulia. Nakufungulia kwa kazi hii moja. Lakini ifanyike uani, mchana, wenye gari wote wakitazama. Na iandikwe, ili hata atakayelimiliki kesho ajue. Usipoweza kuifanya mbele yao, basi ujue ni ile ile ya zamani."

"Na mzee?"

"Mzee ana sharti lake. Amwambie binti yake mwenyewe. Asikutume wewe."

Nilikuwa nimeshafika langoni aliponiita tena. "Severini! Nayo ahadi ukimaliza uirudie. Usiiache imelala."

Nilimpigia Upendo simu. Nilimwomba msamaha kwa jinsi nilivyomjibu, nikamwambia baba yake anamhitaji Ijumaa, saa nne asubuhi, gerejini.

"Umekubali sifuri?" aliuliza.

"Njoo, dada. Baba ana neno."

Alikuja, na safari hii mikono yake ilikuwa mitupu, kwa hiyo nilijua ana wasiwasi. Nilikuwa nimeweka meza uani, penye jua. Juu yake nilitandika kitambaa safi, nikaweka mita mbili, ile iliyokufa na ile iliyotoka Gairo. Mzee Gabrieli alikaa upande mmoja na Upendo upande wa pili. Nasibu alisimama nyuma kama shahidi.

Mzee alimweleza binti yake. Sikusaidia hata neno moja. Alipofika kwenye nati na spana, sauti ilimkatika, akaanza upya. Hakujipunguzia. Alisema, "Mama yako aliniita mara nne. Nilizihesabu."

Upendo alikuwa anatazama mikono yake. Alipoinua uso, hakukuwa na hasira niliyoiogopa.

"Mama alijua?"

"Alijua. Alinisamehe kabla hatujafika kwenye jiwe. Mimi ndiye sikujisamehe."

"Basi mimi ndiye nimekaa na jambo tofauti kabisa," Upendo alisema polepole. "Wenzangu walipozaliwa ulikwenda kutazama mita. Nilifikiri siku yangu hukwenda. Nilifikiri ulikuwa umechoka, au nimekuja wakati mbaya, basi hukuona haja ya kutazama. Miaka arobaini na tano, baba. Ndiyo maana nilitaka sifuri. Nilisema kama simo, basi na tuanze wote."

Mzee alinyosha mkono juu ya meza, katikati ya mita mbili, akashika vidole vya binti yake. "Ulikuja wakati mbaya kweli," alisema. "Lakini nilitazama. Nilitazama mpaka sikujua pa kukuandika."

Nilisubiri mpaka walipopangusa macho. Kisha nikafanya ishara ya msalaba, nikafungua mita ya Gairo.

Kila kigurudumu nilichokigeuza kwa sindano nilikitaja kwa sauti: nane, nane, tisa, nne, saba. Niliwapa wote waione, nikaweka pembeni ile iliyokufa walinganishe. 88,947. Hapo ningeweza kugeuza tena kidogo tu nikafika mwisho wa kazi. Lakini usiku nilikuwa nimewaza jambo. Zile sitini na nane zilitembewa. Si namba za kuandikwa. Ni njia iliyopitwa.

"Hizi nyingine sizigeuzi kwa sindano," nilisema. "Tuziendeshe."

Nilikuwa nimekata kipande cha waya wa mita, ncha moja nikaifunga kwenye mita na ya pili kwenye drili. Niliwasha. Mshale wa mwendo ukapanda, na kigurudumu cha mwisho kikaanza kujongea. Saba ikatoka taratibu, nane ikaingia.

Mzee aliegemea mbele, miwani puani. "Hapo tunatoka misheni," alisema. "Kuna korongo hapo, Padri alitaka kulijengea daraja, hakulijenga." Kigurudumu kikazunguka. "Hapo kwa akina Mwinshehe, walikuwa na mbwa mkali. Hapo mteremko, mama yako ananiambia nipunguze mwendo, halafu ananiambia niongeze."

"Alikuwa anataka nini hasa?" Upendo aliuliza.

"Alikuwa anataka uzaliwe."

Tulicheka wote, Nasibu zaidi ya sisi. Mita ilipofika 88,958 mzee akapiga meza. "Zima!"

Nilizima.

"Kumi na moja. Hapa. Penye jiwe." Alimgeukia binti yake. "Siku ile kabla sijafungua waya ilisoma elfu sitini na moja, mia mbili na nne. Ongeza kumi na moja."

Upendo midomo yake ilihesabu bila sauti. "Elfu sitini na moja, mia mbili na kumi na tano."

"Hiyo ndiyo yako."

Alichukua kalamu yangu mezani akaiandika kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, kubwa, kama mwanafunzi anayeogopa kusahau. Alikitazama kiganja kwa muda. Kisha akasema, "Na Bonifasi? Yeye alizaliwa baada yangu. Si na yake imesogea?"

Mzee akashika kofia yake. "Yesu na Maria. Imesogea kweli! Sitini na nane mbele."

"Aa, mpigie sasa hivi," Nasibu alisema. "Mwambie siku yake ya kuzaliwa imehama, zawadi zote alizokula azirudishe."

Tulipofika maili ya thelathini na nne mzee alisema, "Wamewapokea. Daktari amevaa kandambili." Drili ilikuwa imepata moto, tukaiacha ipoe, Upendo akatuletea chai kutoka kwa mama wa jirani. Aliporudi akanyosha mkono.

"Kurudi naendesha mimi, fundi. Kwenda nilikuwa nimebebwa."

Nikampa drili. Aliishika kwa mikono miwili, ameikaza, huku baba yake akimwambia kona iko wapi, na yeye akijibu, "Nimeiona, baba." Ilisimama kwenye 89,015. Hapo hakuna aliyepiga makofi. Mzee aliitazama namba ile, akaingiza miwani mfukoni, akasema tu, "Sasa vinalingana."

Jioni ile niliandika kadi, kwa mwandiko niliojifunza darasa la jioni nikiwa na miaka arobaini na nane, herufi moja moja. Niliandika kwamba mita hii ilitoka gari jingine. Kwamba imewekwa kufuata ile ya asili. Kwamba zimeongezwa maili sitini na nane zilizotembewa bila kuhesabiwa, siku ya kuzaliwa Upendo. Na kwamba wenye gari walikuwepo. Wote wanne tulitia sahihi. Niliibandika nyuma ya dashibodi, mahali ambapo fundi yeyote atakayeifungua mita ataiona kabla ya kitu kingine. Ile iliyokufa nilimkabidhi mzee ndani ya kitambaa. Kisha nikaingia kanisani nikairudia ahadi yangu tangu mwanzo, neno kwa neno.

Tarehe mbili tuliondoka mapema. Mimi nilishika usukani, mzee kando yangu na kofia yake, Upendo na Grace nyuma na maua, mishumaa na jembe la kupalilia kaburi. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mabonde ya Uluguru na barabara ilikuwa na matope ya mvua za vuli, lakini gari lilipanda vizuri. Mzee hakutazama milima. Alitazama mita, na kila maili ilipobadilika alitikisa kichwa kama anayeitikia jina.

Juu ya Mkuyuni aliniambia nisimame. Jiwe lilikuwa pale, kubwa kuliko nilivyofikiri, limeota kuvu upande mmoja. Upendo alishuka peke yake. Aliligusa kwa kile kiganja alichokuwa ameandika namba, ingawa wino ulishafutika, akakaa hivyo kwa kitambo. Mzee alimtazama kupitia dirishani, na midomo yake ilikuwa inasali.

Aliporudi alifunga mlango wa nyuma kwa nguvu, kama Landrova za zamani zinavyotaka.

"Fundi," mzee alisema, "waya wa mita umeukaza vizuri?"

"Nimeukaza, mzee."

"Basi twende. Mama yao anasubiri."